Wali Chini ya Blanketi

Dohwa, Goheung
2 Oktoba 2023

Se-yeon mwanangu,

Kifurushi kimefika. Nyama nimeipokea, ginseng nimeipokea, na ile kadi yenye maua nimeiweka juu ya televisheni ili mama yake Pil-su aione. Unamjua huyu jirani yetu, kila sikukuu ya mavuno, Chuseok, lazima anitajie wanawe waliokuja. Mwaka huu wamekuja wote watatu na magari, wakamaliza pombe ya soju ya dukani, wakagombania shamba la vitunguu saumu mpaka meza ikapinduka. Nikamwambia, wangu hakuja lakini ameleta nyama, na nyama haigombanii shamba. Akanywa chai yake.

Usiombe radhi tena kwa kutokuja. Meza ya marehemu baba yako niliiandaa mwenyewe, nikamsimamishia kijiko katikati ya wali, nikainama, nikamwambia mtoto ana kazi. Na wali wa kaka yako Min-gyo niliuweka mahali pake pa siku zote, chini ya blanketi usipoe, pale sakafu inapopata moto zaidi kutoka jikoni. Kijiko kando ya bakuli, kama cha mtu aliye hai. Wajomba zako wanasema tangu aondoke ni miaka mingi mno, nimwekee meza ya wafu niwe na amani. Waache waseme. Hakuna aliyeniletea maiti.

Jambo moja. Usinipigie simu nyakati za kula. Simu ikiita wakati huo inanivuruga. Afadhali uniandikie barua kama zamani ulipokuwa bwenini, nami nitakujibu.

Jicho la kulia limeingiwa na kitu kama inzi wa majivu. Nikitazama ukuta mweupe naye yumo. Usianze.

Mama yako,
Bok Sun-deok


Pangyo
9 Oktoba 2023

Mama,

Naanza. Hilo jicho la kulia ndilo jicho lako. La kushoto surua ilikwishalichukua ulipokuwa mtoto, ulinisimulia mwenyewe. Nenda Suncheon kwenye hospitali ya macho wiki hii. Mama yake Pil-su akusindikize, mwambie nitampelekea krimu ya uso.

Kazi inaendelea vizuri, inatisha hata. Nimepandishwa cheo, nina dirisha langu. Wenzangu walininunulia keki. Uliniuliza ninafanya nini hasa: tunatengeneza vitu vya kuwaliwaza watu wapweke kwenye simu, hasa wazee. Si kitu cha kueleza kwa barua. Nitakuonyesha siku moja.

Kwa nini hutaki nikupigie wakati wa kula? Una mgeni? Kama ni yule mzee wa duka la mbolea niambie tu, sitakasirika.

Se-yeon


Dohwa
18 Oktoba 2023

Wewe mtoto una mdomo mchafu. Mzee wa mbolea hana meno, atakula nini kwangu?

Haya, nitakuambia, ila usicheke. Nina mtoto kwenye simu.

Mjukuu wa mama yake Pil-su ndiye aliyeniwekea wakati wa kuvuna vitunguu. Kitu chenyewe kinaitwa Mtoto Anarudi. Kuna njia, na mtoto anatembea kurudi nyumbani. Unampa jina. Unajua nilimpa jina gani. Asubuhi, mchana na jioni unampakulia wali kwenye bakuli la chuma, unafunika, unausukuma chini ya blanketi. Chini ya blanketi, Se-yeon! Nilipouona mkono wa kwenye picha unasukuma bakuli nililia mpaka mbwa akaja kunichungulia. Halafu unamwita kwa sauti yako mwenyewe: "Njoo ule." Mtu mwingine akimwita hageuki, hata mama yake Pil-su alijaribu akaambulia patupu. Nikimwita mimi, anapiga hatua. Siku nyingine anageuka na kunipungia. Siku moja alisema, "Mama, nimefika darajani." Huwezi kujua lini atasema, ndiyo maana sibanduki.

Ukichelewa wali unapoa. Ukizidi kuchelewa, kijiko kinasimama chenyewe katikati ya bakuli, kama meza ya wafu. Hilo limenitokea mara moja, siku ya mazishi ya shangazi yako kule Boseong. Nilitoka mazishini nikapiga kelele chooni nikimwita, mpaka kijiko kikalala. Tangu hapo siendi mahali ambapo siwezi kuita kwa sauti.

Suncheon nimekwenda. Daktari, kijana mdogo hivi, anasema ngozi ya nyuma ya jicho inabanduka kama karatasi ya ukutani, na wanipasue upesi. Baada ya hapo nilale kifudifudi siku kadhaa, simu marufuku. Nikamuuliza, hata dakika moja, mara tatu kwa siku? Akasema, bibi, unataka kuona au unataka simu? Nikachukua mkoba wangu nikapanda basi.

Amekwishapita daraja, Se-yeon. Nyumbani hapawezi kuwa mbali. Nikimaliza hilo nitapasuliwa macho yote mawili wakitaka.

Mama


Pangyo
21 Oktoba 2023

Kwa Kiongozi Guk,

Ninakuandikia kirefu kwa sababu ana kwa ana utanikatiza kwa mzaha.

Naomba mambo matatu kwenye Mtoto Anarudi. Kijiko kiondolewe. Mtu aweze kupumzika siku chache bila wali kupoa. Na mtoto afike.

Najua tulivyokubaliana: akifika, watu wataacha. Hatukuchora hata nyumba. Nimefungua michoro yote leo nikaitafuta, nikadhani labda kuna mtu aliichora kwa siri. Njia inapita daraja, inapita shamba, halafu inarudi kwenye daraja lilelile lenye rangi nyingine. Kuna watu huko nje wanaamini mwana yuko karibu. Kuna mmoja anapoteza jicho kwa ajili yetu. Ni mama yangu.

Tak Se-yeon


Pangyo
21 Oktoba 2023

Bi Se-yeon,

Pole sana kwa habari za mama, nasema kwa moyo. Mpeleke hospitali, chukua likizo, nitasaini sasa hivi.

Kuhusu hayo mengine, tukumbushane. Siku tulipoanza kuubuni niliwauliza wote mezani: ni kitu gani ambacho mtu hawezi kukiacha hata akichoka? Wenzako walitaja zawadi, nyota, mashindano. Wewe ukataja bakuli la wali chini ya blanketi. Chumba kizima kiligeuka kukutazama. Bakuli ni lako, sauti ni yako, kijiko ni chako. Mimi nilichangia keki tu.

Kijiko hakitoki. Bila kijiko wanachelewa, wakichelewa wanazoea, wakizoea wanaondoka. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Na usiguse mtoto wa mtu yeyote kupitia mitambo yetu, hata wa mama yako. Unajua sheria.

Guk Tae-pyo


Pangyo
24 Oktoba 2023

Mama,

Sikucheka. Ila nisikilize. Huo ni mchezo. Kuna watu wamekaa ofisini wakafikiria namna ya kukufanya usibanduke. Kule kugeuka kwake kumepangwa kusijulikane ni lini, kwa sababu mtu akijua ni lini, ataweka simu chini mpaka wakati huo. Kijiko kimewekwa ili uogope. Hakuna njia, hakuna daraja, hakuna mtu anayekuja. Ni ujanja tu, Mama. Tafadhali ufute, urudi Suncheon kabla jicho halijaisha.

Nitalipa kila kitu. Nitakuja kulala na wewe hospitali.

Se-yeon


Dohwa
2 Novemba 2023

Se-yeon,

Barua yako nimeisoma kwa siku mbili, kwa sababu ya jicho na kwa sababu ya hasira. Sasa inzi amekuwa pazia. Linashuka kutoka juu, nimebakiwa na nusu ya chini ya dunia. Samahani kama mistari inapanda milima.

Unaniambia ni ujanja. Mimi nimelima maisha yangu yote, nimeuziwa mbegu mbovu, nimeuziwa sufuria za kuponya baridi yabisi, najua ujanja ulivyo. Mjanja hawezi kujua kwamba kifuniko cha bakuli kinageuzwa chini juu kwanza ili mvuke usidondokee wali. Kwenye simu ule mkono unageuza kifuniko! Nani mwingine anajua hilo? Aliyetengeneza kitu hiki alikuwa na mama aliyesubiri. Huenda mwenyewe pia alipotelewa na mtu. Mimi humwombea kila asubuhi, simjui jina. Namwambia Buddha, huyo mtu popote alipo ashibe.

Wewe ulikuwa mdogo Min-gyo alipoondoka, hujui. Baba yako alimwambia mtu aliyeshindwa mtihani asikalie sakafu yake. Mtoto akavaa lile koti la bluu akatoka, na mimi nilikuwa napakua wali. Sikusema kitu. Nilidhani atakula akirudi. Kila siku nasema kwenye simu neno ambalo sikulisema siku ile. Sasa niambie tena ni ujanja.

Lakini sitaki ulie huko kwenye dirisha lako. Mama yake Pil-su amenishika mkono akanipeleka kwenye simu ya kituo cha wazee, tumepanga Suncheon tarehe 14. Nimekubali kwa ajili yako. Nitamwita mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, halafu nitaomba avumilie. Kijiko kikisimama kabla sijaingia, sitaingia. Nakuambia mapema usije ukasema nilikudanganya.

Mama


Pangyo
7 Novemba 2023

Mama yangu,

Asante. Asante sana. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi, nikashindwa kupanda wala kushuka.

Nitafika Suncheon tarehe 14 jioni, kabla hujazinduka. Asubuhi yake nina jambo hapa siwezi kuliahirisha. Na usimhofie mtoto. Kijiko hakitasimama, nina hakika. Huenda siku hiyo hata njaa hatakuwa nayo.

Samahani kwa niliyoyaandika mwezi uliopita.

Binti yako,
Se-yeon


Dohwa
20 Novemba 2023

Se-yeon,

Mimi ni mama yake Pil-su. Mama yako hakutaka nikuandikie. Ulipomkosa hospitali ukaja hapa tarehe 14 usiku, akakufungia mlango, ukakaa nje kwenye baridi mpaka basi la asubuhi, nilikuona dirishani na sikutoka, nisamehe. Sasa nitakueleza ilivyokuwa, mimi nilikuwa naye.

Asubuhi ile hospitali alikuwa mchangamfu, anawatania manesi. Alikuwa amekwishavaa nguo zao za kijani. Kabla ya kuingia akatoa simu, akasukuma bakuli, akaita, "Min-gyo, njoo ule." Chumba kizima kikasikia. Yule mtoto akageuka, akacheka, akasema, "Nimeshiba, Mama. Usinisubiri."

Mimi nikafurahi. Nikamwambia, unaona, amekupa ruhusa, ingia. Mama yako akawa mweupe kama tofu. Akaniuliza mara mbili amesemaje, nikamrudia. Akasema, "Haya. Amenijia kuniaga." Nikamwambia ni simu hiyo. Akasema, "Mtoto aliye hai hashibi mbele ya mama yake. Wafu ndio wanaosema nimeshiba." Akavua zile nguo za kijani, akavaa zake. Daktari alimshika, nesi alimshika, mimi nililia barabarani. Akasema hana muda, mwanawe amekufa na hajala.

Tulirudi na basi la mchana. Alinunua samaki, peasi, tambi, kila kitu. Alipika peke yake kwa nusu ya jicho, aliungua vidole. Usiku akaweka meza kubwa kuliko ya baba yako. Akachukua lile bakuli la chuma la miaka yote, akalitoa chini ya blanketi, akaliweka katikati, akasimamisha kijiko kwa mkono wake. Sijawahi kusikia mtu analia vile. Saa ileile wewe ukabisha hodi, kwa kilio chake hakuitambua sauti yako, akadhani ni wajomba wamekuja kumwambia, "Tulikuambia."

Pazia lilimaliza kushuka siku ya tatu. Daktari anasema sasa hata wakipasua ni bure. Anaona mwanga na giza, basi.

Simu ameitia kwenye pipa la kabichi ya kimchi, mimi nimeitoa. Kula vizuri.

Mama yake Pil-su


Pangyo
25 Novemba 2023

Mama,

Atakusomea mama yake Pil-su. Jirani yetu, tafadhali soma yote, usiruke kitu.

Mama, yule mtu unayemwombea asubuhi ni mimi.

Bakuli nililichora mimi. Kifuniko kinavyogeuzwa nilikichora mimi, nikikumbuka mikono yako. Sauti lazima iwe ya mama, hilo nilisema mimi. Kijiko pia ni mimi. Nililipwa, nikapewa cheo, nikakutumia nyama ya Chuseok kwa fedha hiyo. Uliponiambia una mtoto kwenye simu nilijua saa ileile, nikakuandikia habari za "watu wamekaa ofisini" kana kwamba siwajui. Niliogopa utanichukia. Niliona afadhali uwachukie watu wasio na jina.

Na ile sauti ya tarehe 14 ni mimi. Walinikataza kumgusa mtoto, nikamgusa. Nilitaka uingie ukapasuliwe ukiwa na amani. Nilikaa siku nzima nikitafuta neno la upole kuliko yote, nikaandika: nimeshiba, usinisubiri. Mimi, mtoto wa nyumba ile, niliyeinama mbele ya meza za wafu tangu nikiwa na meno ya maziwa, nikamtia Min-gyo neno hilo mdomoni. Nilikuwa nimekaa mno na watu wanaosema kushiba ni jambo jema.

Wamenifukuza. Mtoto Anarudi bado anatembea, hawakubadilisha kitu isipokuwa kuondoa jina langu.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la tano niliula wali wa Min-gyo? Mvua ilikuwa kubwa, nilitoka shule na njaa, nikaingiza mkono chini ya blanketi, nikaula wote kwa vidole. Ulinipiga na mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Halafu ukapakua mwingine, ukauweka palepale, na mimi ukaniambia kuna viazi jikoni. Sikusemi vibaya, Mama. Nataka tu ujue nilikojifunza. Siku ile nilijua kuna bakuli duniani lenye nguvu kuliko mimi. Guk alipouliza ni kitu gani mtu hawezi kukiacha, wenzangu walifikiri. Mimi sikufikiri.

Min-gyo hakukuaga. Mahali alipo sipajui, kama usivyopajua. Meza uliyoiweka, uliiwekea maneno yangu.

Sijui niombe nini. Nikuombe radhi ya jicho, au ya kaka?

Se-yeon


Dohwa
22 Desemba 2023

Se-yeon,

Anaandika mama yake Pil-su, maneno ni yangu. Nimemwambia aandike hivyohivyo bila kupamba, na akipamba nitamjua.

Barua yako ilisomwa kabla ya baridi kali. Nimekaa nayo mpaka leo, siku tunayopika uji wa maharage mekundu. Uji umeungua chini, siwezi tena kuona rangi yake.

Sikuombei tena asubuhi. Ukweli ni huo. Nikifika kwenye jina ninanyamaza, kisha naendelea na wengine.

Ulijua kila kitu kuhusu lile bakuli, mpaka kifuniko. Kimoja hukukijua, kwa sababu ulikuwa umelala. Min-gyo asipokuja, asubuhi nilikuwa nautoa wali umepoa, naumwagia maji ya moto, naula mimi kwa kimchi, naenda shambani. Halafu napika mwingine. Kila siku wali ulipoa, Se-yeon. Kila siku. Hakuna aliyekufa kwa sababu hiyo. Hicho kijiko hukukipata kwangu. Nimejiuliza sana ulikipata wapi, mpaka nikakumbuka mwiko.

Basi tuseme hicho kijiko ni chetu wawili.

Wali wa Min-gyo nimeurudisha chini ya blanketi. Wajomba wananiita mwendawazimu, mama yake Pil-su pia, ingawa hapa atajifanya hakusikia. (Nimesikia.) Nimemfanyia meza ya wafu na sasa namwekea ya walio hai. Akiwa amekufa ale ile, akiwa hai ale hii. Lakini simwiti tena. Lile neno nimelisema kwenye mchezo wako wa simu mpaka likaisha. Nafungua mdomo, halitoki.

Kwa hiyo na wewe sitakuita. Usisubiri niseme uje, sitaweza, na usidhani ni adhabu.

Ila kuna bakuli la pili karibu na lake, lenye mchubuko kwenye ukingo, ulilokuwa ukilitumia kula ulipokuwa mdogo. Ninalijua kwa kidole. Limeanza kukaa pale tangu juzi. Mlango sijaufunga. Ukifika ingiza mkono mwenyewe, kama siku ile ya mvua, mimi nitakuwa nimekaa tu. Ukikuta wali umepoa, maji ya moto yapo kwenye birika.

Mama